Kaseti ya Mama Mkwe na Stika Mia Tano

Jumatatu, 3 Desemba 2001

Leo nimekuwa raia mwema. Nimeshuka mjini, nimevipita vibanda vyote vya stendi vinavyouza kaseti za kudurufu, nikaingia dukani kwa Sylvanus na kununua orijino. Mpya kabisa, ya bendi ya Theluji Sound. Kwa bei hiyo Mussa wa stendi angenipa nne na chenji ya chai. Sylvanus, ambaye tulisoma naye Kibosho na miaka saba alinakili hesabu zangu, amenihutubia juu ya haki za msanii. Nimevumilia. Mimi ndiye niliyeliandikia gazeti kwamba taifa linalomwibia mwanamuziki wake litakufa bubu. Walichapisha, ila walikata aya nne.

Nyumbani nimeweka kanda. Kabla ya wimbo, mwanamume mwenye sauti ya hakimu ananionya kwamba kudurufu kanda hii ni kosa la jinai. Sawa. Katikati ya wimbo wa kwanza, gitaa linapoanza kupanda, yuko tena. Wimbo wa pili, yuko. Mara kumi na moja kwa upande A peke yake. Anamfokea aliyelipa! Mwizi hasikii hata onyo moja, kwa sababu Mussa huyakata yote kabla ya kuuza. Mektrida, mke wangu, ameuliza huyo mtu amegombana na nani.

Kuicheza mara ya pili, redio imekula kanda. Utepe umetoka nje kama utumbo wa kuku. Nimeuzungusha kwa kalamu nusu saa. Umekatika.

Jumanne, 4 Desemba

Kwa Sylvanus tena, saa mbili asubuhi. Nimedai nibadilishiwe. Ameligeuza boksi, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Stika ya uhalali imechanika, amesema. Nimemwambia imechanika kwa sababu imebandikwa kwenye mdomo wa boksi, na boksi halifunguki bila kuichana. Amesema ndivyo ilivyokusudiwa. Kaseti yenye stika iliyochanika haihesabiwi orijino. Kwa hiyo, nikamuuliza, kila mnunuzi anageuka haramia dakika ile anapotaka kusikiliza alichonunua? Amejibu kwamba yeye hakutunga kanuni, kanuni ni za Umoja wa Wasambazaji wa Kaseti, na tafadhali niwapishe wateja wengine. Hapakuwa na wateja wengine.

Nimetoka hapo moja kwa moja mpaka kwa Mussa. Kibanda cha mabati nyuma ya stendi, deki mbili, spika moja. Nimemweleza hoja yangu. Nilinunua wimbo, sikununua plastiki. Plastiki imekufa, wimbo bado ni wangu. Akinirekodia upya haniuzii cha wizi, ananirudishia mali yangu. Nimeeleza kwa dakika ishirini hivi, pamoja na mifano ya historia. Mussa amesikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Halafu: "Mwalimu, mimi nimefunga, koo limekauka. Lete kanda tupu nikurekodie. Hayo ya historia tutayamaliza Idi ikipita."

Huyu ndiye mfanyabiashara. Hana hotuba.

Jumatano, 5 Desemba

Siku kubwa. Nitaanza na upande wake mzuri.

Asubuhi nimefungua kabati nikatafuta kanda tupu. Nimeipata moja nyuma ya sahani za wageni. Haina jina, haina maandishi, boksi limefungwa kwa uzi mwekundu wa kufumia. Nikaishusha mjini. Mussa akaiweka kwenye foleni, nikakaa kwenye benchi la jirani, nikaanzisha mjadala na muuza magazeti juu ya ubinafsishaji. Nilikuwa nakaribia kumshinda.

Ndipo pikapu ya Umoja ikasimama. Bwana mmoja mwenye faili, mgambo wawili, magunia. Kila kaseti isiyo na stika ilitiwa gunia. Nilisimama juu ya benchi. Niliwauliza wananchi ni nani anayemlinda mnunuzi. Niliwauliza kwa nini kampuni inayouza utepe unaokatika siku ya kwanza haipakiwi kwenye pikapu. Watu walipiga makofi. Wengine walicheka, ila makofi ndiyo yaliyozidi. Mussa aliwakabidhi kaseti na deki zake kama mtu anayewakabidhi mayai. Nikapanda mlima kurudi nyumbani nikiwa na aya sita za barua kichwani.

Sasa upande wa pili.

Jioni nimemkuta Mektrida ameteremsha sahani zote za wageni na kuzipanga sakafuni. Ameniuliza kwa sauti ya kawaida, Baba Margareta, umeiona kaseti ya mama?

Mama mkwe wangu, Kornelia, alifariki mwaka jana Desemba, kwao Marangu. Miezi mitatu kabla aliazima redio ya katekista, akajifungia chumbani, akasema maneno ya mwisho kwa watoto wake sita, mmoja mmoja kwa jina. Akaagiza isisikilizwe mpaka mwaka uishe, na wote sita wawe wamekaa pamoja. Mektrida ndiye kitinda mimba, kwa hiyo ndiye aliyepewa kuitunza. Hakuwahi kuisikiliza hata neno moja. Kumbukumbu ya mwaka ni tarehe 29. Julius, kaka yake, anapanda kutoka Dar na gari jipya.

Mektrida alikuwa ameifunga kwa uzi mwekundu wa kufumia ili isichanganyike na nyingine.

Nimemwambia nimeihamishia mahali salama. Si uongo. Ofisi ya Umoja ina mlango wa chuma.

Ijumaa, 7 Desemba

Tangazo limebandikwa sokoni. Kaseti zote haramu zitateketezwa hadharani Jumamosi ijayo, tarehe 15, saa nne asubuhi. Wananchi wote mnakaribishwa.

Nimekwenda Umoja nikiwa nimevaa tai. Bwana mwenye faili anaitwa Eliufoo, wa Machame, miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Nimejitambulisha kama mtafiti wa maadili ya jamii. Nimeomba kuona vielelezo. Amefurahi, anasema hajawahi kutembelewa na mtafiti. Amenionyesha chumba. Magunia kumi na tisa. Kwaya, dansi, taarabu, mahubiri, kozi ya Kiingereza, zote pamoja. Nimemuuliza mahubiri yana kosa gani. Amesema hayana stika.

Kwenye gunia la saba nikauona uzi mwekundu. Nikajifanya nakagua ubora wa magunia. Mkono ulikuwa umeshaingia mpaka kiwiko Eliufoo aliposema kwa upole, "Mtafiti, toa mkono." Kisha akanitazama vizuri, akauliza kama si mimi niliyekuwa juu ya benchi siku ya Jumatano.

Nimeacha utafiti. Nimemweleza ukweli: ile yenye uzi ni sauti ya marehemu, si muziki. Amesema kila mtu anayekuja hapa ana marehemu. Na mwenye kukiri kwamba kanda ilikuwa kwa Mussa, anakiri alikwenda kwa Mussa.

Nyumbani Mektrida ameuliza hapo mahali salama pana unyevu? Nimemwambia hapana. Ni kweli, pamekauka sana. Panaweza kushika moto wakati wowote.

Jumatatu, 10 Desemba

Mpango wa kisomi umeshindwa kwa sababu ulikuwa wa kisomi. Umoja umeazima kanuni zake huko mbali, lakini Eliufoo ni Mchagga, na Mchagga ana sheria iliyo juu ya kanuni zote. Ukimkosea mtu ukampelekea jani la isale, hana ruhusa ya kukataa. Hata kama ulimng'olea mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Anayekataa isale anajitafutia balaa yeye na uzao wake.

Nimekata jani kwenye mpaka wetu, bichi, refu, halina doa. Nimelifunga fundo kama alivyonifundisha babu. Nimelishusha mjini ndani ya gazeti.

Eliufoo alipoliona alisimama. Rangi ilimtoka kidogo. Nilimnyooshea kwa mikono miwili, nikasema maneno yanayosemwa. Akalipokea kwa mikono miwili. Alishindwa, nikajua alishindwa. Akaliweka juu ya meza kwa heshima, akakaa, akavuta faili, akaanza kuandika.

Nimemuuliza anaandika nini. Amesema anaandika kwamba mtuhumiwa amekiri. Maana mtu haleti isale kama hakukosa.

Niliinamia faili nisome mwenyewe.

"Mzee wangu," amesema, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli, "mimi nimekusamehe. Kabisa. Hata nyumbani kwangu karibu. Ila Umoja haupokei masale." Akanisomea onyo kali, nikalitia sahihi. Sasa nimo kwenye orodha ya wateja wa maharamia, namba 1. Ameniambia hawajapata mwingine aliyekuja mwenyewe.

Lakini isale si kazi bure. Akiwa ananisindikiza mlangoni, amenong'ona kwamba iko njia moja. Kaseti yenye stika haichomwi. Na stika anapewa yeyote anayeisajili kazi yake.

Jumanne, 11 Desemba

Nimejaza fomu. Naiweka hapa kwa ajili ya vizazi.

Jina la msanii: Kornelia, wa Marangu. Anwani ya sasa: nimeandika makaburi ya familia, Eliufoo akanishauri niandike S.L.P. ya parokia. Aina ya muziki: hapakuwa na baraka, hapakuwa na wosia. Nimeweka alama kwenye Nyinginezo. Je, msanii anatarajia kufanya maonyesho ya jukwaani katika miezi kumi na miwili ijayo? Hapana. Sababu? Nimeacha wazi. Mmiliki wa haki zote: hapa pana mstari mmoja tu, na watoto wako sita. Nimeandika jina langu, Wenseslaus, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Halafu kikwazo. Stika haziuzwi moja moja. Zinauzwa karatasi nzima, mia tano. Nimemweleza Eliufoo kwamba marehemu ana nakala moja. Amesema Umoja unawatakia wasanii wake wote mafanikio.

Mwalimu aliyepunguzwa kazini miaka mitano iliyopita hana akiba ya stika mia tano. Nimezunguka soko la Mbuyuni mpaka saa saba. Mwishowe nimeuza redio kaseti yetu. Aliyeinunua ni Sylvanus. Amekagua kichwa chake cha kusomea kanda, akasema hii ndiyo iliyokula kanda yako, kumbe tatizo halikuwa kanda. Nilikuwa na jibu zuri sana, lakini nilihitaji zile fedha.

Mektrida ameuliza redio iko wapi. Kwa fundi, nimesema. Amepangusa vumbi pale ilipokaa, kisha akarudi kwenye chungu chake cha mtori.

Ijumaa, 14 Desemba

Kesho ndio moto. Leo nilidhani ni siku ya kubandika tu. Hapana. Kanuni ya kumi na mbili inasema afisa lazima asikilize kazi kabla ya kuipa stika, asije akahalalisha matusi.

Nilimpinga kwa dakika arobaini. Maneno haya yamekusudiwa masikio sita. Masikio kumi na mawili, amenisahihisha. Kanuni ni kanuni. Amesema hayo kwa sauti ambayo wiki iliyopita ningeipenda.

Akafungua uzi. Akairudisha kanda mpaka mwanzo, akabonyeza. Mkwaruzo. Kikohozi. Na mama mkwe akaingia ofisini. Hakuanza kwa Kichagga. Watoto wake aliwawekea Kichagga. Wageni aliwawekea Kiswahili cha kanisani, pole pole, kila neno na kiti chake:

"Wewe unayenisikiliza, kama sikukuzaa, zima. Usipozima, tumbo lako litakueleza."

Eliufoo alizima kwa ngumi. Alikuwa na chapati mkononi. Akairudisha kwenye sahani, akaisukuma mbali. Kisha akabandika stika kwenye mgongo wa boksi. Akabandika ya pili. Akabandika na ya tatu. Akafunga uzi mwekundu mwenyewe, kwa fundo zuri kuliko la Mektrida, akanikabidhi karatasi yenye stika zilizobaki, mia nne tisini na saba, na kuniomba nisirudi.

Ushindi! Mtu mmoja dhidi ya Umoja mzima.

Nimejiuliza njiani kama na mimi nilipaswa kuzima. Mimi ni mkwe. Mkwe ni mtoto. Wanasheria wote wa mila wanakubaliana. Tumbo linanguruma tangu saa tisa. Ni maharage.

Jumamosi, 15 Desemba

Nimekwenda kutazama moto nikiwa na kaseti yangu mfukoni, halali mara tatu. Sylvanus alikaa mstari wa mbele na miwani ya jua. Magunia yalimwagwa, petroli ikamwagwa. Plastiki inapoungua hunuka kama mwisho wa dunia. Kwaya, mahubiri, kozi ya Kiingereza. Nilitoa hotuba fupi, moshi ukanikatiza.

Mussa alisimama pembeni, mdomo mkavu, akiangalia biashara yake ikipanda mbinguni. Nilimwonyesha kaseti. Nilitaka afurahi. Alifurahi kweli, akasema alhamdulillahi. Amesema siku ile, mgambo wakiwa tayari ndani, aliitoa kwenye deki, akairudisha kwenye boksi na kuufunga uzi, kwa sababu mali ya mteja ni amana.

Aliitoa kwenye deki?

Ndiyo, amesema. Alikuwa ameshaanza kunirekodia. Wakati nikibishana na muuza magazeti, foleni ilifika kwangu.

Nilimuuliza ameanzia wapi. Utepe ulikuwa umefika mwisho. Ilikuwa haraka, akaurudisha nyuma kidogo tu, akaanza hapo. Upande gani? Hakumbuki. Nyimbo ngapi? Hakumbuki. Pengine nusu wimbo. Pengine mbili. Akanishika bega. "Mwalimu, ungeniambia ni sauti ya mzazi, hata bismillah nisingeigusa." Nikairudisha kaseti mfukoni.

Redio sina. Na hata ningekuwa nayo, kuna tumbo.

Jumanne, 25 Desemba

Noeli. Tuko Marangu, nyumbani kwa marehemu. Mlima mzima umejaa magari ya Dar na Arusha; migomba inapigiwa honi. Pombe ya mbege ipo, mbuzi wapo, shemeji zangu wote wapo. Mektrida anacheka jikoni. Kaseti nimeshamrudishia, naye amefuma kitambaa cheupe cha kuiwekea. Jana amewaeleza dada zake kwamba yeye hajali mama amemwachia maneno gani, hata kama ni kumgombeza. Anataka tu kulisikia jina lake likitajwa tena na yule aliyempa. Nilikuwa nje ya dirisha. Nikaenda kutembea.

Nimejaribu mara mbili kupata gari la Julius, lenye redio nzuri, nijue hali halisi. Mara ya kwanza nilisema nataka kuipasha moto injini. Julius amesema injini haisikii baridi, shemeji. Mara ya pili nilikutwa chini ya usukani. Julius amewaambia wote mezani kwamba Mwalimu anatafuta funguo za ubepari. Walicheka sana. Anafanya kazi benki. Ndio ucheshi wao.

Jumamosi, 29 Desemba

Nitaandika kwa ufupi.

Misa. Maua kaburini. Kisha watoto sita wakakaa kwenye majani ya migomba karibu na kaburi, na sisi wakwe nyuma. Julius akafungua milango yote minne ya gari. Mektrida akakifungua kitambaa. Stika zile tatu ziliwashangaza. Julius akauliza mama alikuwa na kampuni gani. Nikasema ni utaratibu mpya.

Upande A: onyo la tumbo, watoto wakacheka huku wanalia. Kisha Julius, kwa jina lake la nyumbani. Akaambiwa apunguze majivuno. Nilifurahi nisivyopaswa. Wa pili, wa tatu. Kanda safi. Nikaanza kupumua. Upande B: wa nne, wa tano. Safi. Nikamtajia Mungu jina la Mussa kwa wema.

Kisha: Mektrida. Alilitaja mara mbili, kama mtu anayeita mtoto aliye mbali shambani. Mektrida akapiga magoti. Mama mkwe akasema, "Wewe ndiye niliyekuficha jambo moja, na sasa nitakuambia..."

Gitaa.

Theluji Sound, wimbo wa kwanza, ngoma na tarumbeta, kwenye spika nne. Kuku walikimbia. Hakuna aliyesogea. Wimbo ukaenda mpaka gitaa linapoanza kupanda, na yule mwanamume mwenye sauti ya hakimu akawatangazia wafiwa kwamba kudurufu kanda hii ni kosa la jinai. Hilo onyo Mussa angelikata; lakini hapo ndipo mgambo walipoingia. Mkwaruzo. Na mama mkwe akarudi, akimalizia:

"...na huyo mume wako, mvumilie."

Ikawa ndiyo mwisho wa kanda.

Mektrida hakupiga kelele. Alimwomba Julius airudishe. Akasikiliza tena. Akaomba tena. Mara ya nne Julius alikataa. Kisha Mektrida akanigeukia, na nikajieleza. Nilieleza yote, kuanzia Sylvanus. Nilipofika kwenye kanuni ya kumi na mbili, aliinua mkono nikanyamaza.

Nimekwenda mpakani nikakata isale. Safari hii nililifunga fundo bila hotuba. Mektrida amelipokea. Hawezi kukataa. Ameliangalia lile fundo, halafu ameniambia nikateke maji.

Sitalijua hilo jambo moja. Na yeye hatalijua.

Jumapili, 30 Desemba

Mektrida amezungumza nami. Amesema chumvi.

Julius ametoka na kaseti asubuhi, amerudi mchana na nakala sita. Amekwenda mpaka kwa Mussa! Mussa ana deki mpya tayari, za mkopo wa shemeji yake. Kila mtoto atapata nakala yake, na ya sita ni ya Mektrida.

Nimemwita Julius pembeni. Nimemweleza kwa upole kwamba kazi hii imesajiliwa. Mmiliki wa haki yupo, na nakala sita bila stika ni nakala sita haramu. Kwa bahati stika ninazo, mia nne tisini na saba, na kwa familia ningewapa kwa bei niliyonunulia. Sikutaka faida.

"Shemeji," amesema, "unaniuzia sauti ya mama yangu?" Akaenda kuwasimulia wengine. Nilisikia vicheko mpaka migombani.

Mtu anaweza kunicheka mimi. Kanuni hazichekwi.

Jumatatu, 31 Desemba

Saa mbili asubuhi nimeteremka Marangu Mtoni, kwenye kibanda cha simu. Nimempigia Eliufoo. Aliposikia sauti yangu alilalamika kwanza juu ya tumbo lake. Limemsumbua wiki mbili. Nimemhakikishia kwamba marehemu ameridhika. Kisha nimempa taarifa, kama raia mwema. Gari jeupe, namba hizi, litapita Himo saa tano. Ndani yake mna kaseti zisizo na stika. Amenishukuru. Pikapu itasubiri njia panda. Nimemsisitizia wasichague chague, wabebe kila chenye utepe. Uchaguzi huzaa rushwa.

Saa nne na nusu Julius amewasha gari. Tumepeana mikono. Nilikuwa mkarimu sana.

Gari lilipopotea kwenye kona, Mektrida akasema leo moyo wake umetulia kidogo. Julius anamfahamu fundi mmoja Dar mwenye mitambo ya kisasa. Fundi huyo anasema maneno yaliyofunikwa wakati mwingine hubaki chini, hafifu, na anaweza kuyavuta. Kwa hiyo amempa Julius kanda yenyewe, aliyoisema mama. Ameifunga kwenye kile kitambaa cheupe alichofuma. Boksi ameliacha hapa, lilikuwa na ufa.

Nimeangalia saa. Tano na dakika tano.

Boksi ninalo mbele yangu. Stika zote tatu zimekaa vizuri. Kisheria, upande wangu hauna dosari hata moja. Kosa ni la utaratibu wao: chombo gani cha kistaarabu kinachobeba kila chenye utepe bila kuuliza ni cha nani? Nimeanza barua kali kwa Umoja, nakala kwa gazeti. Nimefika hoja ya nne.

Mektrida amepita nyuma yangu na ndoo. Ameuliza kama ninaandika salamu za mwaka mpya. Nimemwambia ndiyo.